Mwosha Aliyetaka Kazi Impungukie

Jina lake ninalo, na silitoi. Alipokuwa hai hakuna aliyelitumia. Mtaani kwetu Ngamiani alikuwa Bi Mwosha, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake, na mtu wa kazi kama ile watu hupenda wamjue kwa kazi yake tu, wasimsogelee zaidi. Kwao hasa ni wapi, babu yake nani, nani alimwoa na nani alimwacha, hayo waulizeni wapenda nasaba. Mie nitasema niliyoyaona na niliyoyasikia kwa masikio yangu, na mwenye kutaka kubisha aje abishe, nipo.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mwendo wa haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Mikono yake ilinuka kafuri hata siku ya Idi. Alitafuna tambuu kutwa, na alipokasirika alitema kwanza ndipo akasema, kwa hiyo sisi tuliomjua tukimwona ametema tulijiweka tayari. Na alikasirika mara nyingi. Sijapata kumwona mtu aliyekasirika kwa raha namna ile.

Watu walimwogopa. Akikunja kichochoro chenu, mwenye mgonjwa ndani alifunga mlango. Kulikuwa na fundi cherehani, jirani yetu, aliyelala na homa siku kadhaa hata maji hayapiti kooni. Bi Mwosha akaenda kumjulia hali, ujirani tu. Yule bwana aliposikia sauti yake inapiga hodi uani, alishuka kitandani, akavaa kanzu, akatoka kwenda kukaa barazani kwake huku anatetemeka.

"Sijafa mie, Bi Mwosha! Unaniona?"

"Nakuona. Nimekuletea uji, si sanda."

Uji hakuunywa, lakini homa ilimwacha, na Bi Mwosha akatembea mtaa mzima akijisifu kwamba amemponya mtu kwa hodi.

Mwezi wa Ramadhani alipika mkate wa kumimina laini kuliko wa mtu yeyote, akagawia majirani. Majirani walipokea kwa mikono miwili, wakashukuru, kisha wakamwita mwombaji wa msikitini wakampa sahani nzima, maana nani ale kilichopikwa kwa mikono ile? Yule mwombaji alinenepa kila Ramadhani. Bi Mwosha alijua, na mwaka uliofuata alipeleka tena, kwa nyumba zile zile. "Nitawaletea mpaka waone haya," alisema. Hawakuona, naye hakuacha.

Shangazi yangu aliyenilea alipofariki, mie nilikuwa nimekwisha vunja ungo, nikaitwa kuchota maji ya kuoshea. Niliingia chumbani nikitegemea kimya. Nikasikia mtu anazungumza.

"Haya mama, sasa nakunyanyua kichwa. Maji ni vuguvugu, nimeyaonja kwa kiwiko."

Akanyamaza kidogo. Kisha ndipo akanyanyua.

"Sasa naanza upande wa kulia. Shuka silifunui, mkono wangu utapita chini yake."

Akanyamaza tena, akaanza. Nikasimama na ndoo yangu mpaka mkono ukafa ganzi. Tulipotoka nikamuuliza, "Bi Mwosha, ulikuwa ukisema na nani?"

"Na mwenye mwili."

"Lakini hasikii."

"Wewe umejuaje?"

"Na mbona unanyamaza kila ukisha kusema?"

"Nampa nafasi. Akiwa na neno aseme."

"Asiposema?"

"Nafasi ilikuwa yake."

Habari hizo zilimfikia mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee mmoja mwenye heshima zake, akamwita barazani akamwambia kwamba maiti hazungumzishwi, mambo hayo hayamo kitabuni. Bi Mwosha akatema. Akamuuliza, "Mwalimu, ukipita makaburini unatoa salamu?" Mwalimu akasema anatoa. "Unampa nani?" Mwalimu akasema ile ni dua. "Basi na yangu ni adabu," akasema Bi Mwosha, akaondoka. Hakuna aliyemkanya tena.

Na siri alijua kuitunza. Alikufa mwanamke mmoja tajiri ambaye mtaani hakuna aliyepata kumwona bila buibui, na watu walikuwa na maneno mengi juu yake, kwamba ana kovu, ana chanjo za uganga, ana hili na lile. Matangani wanawake wakamzunguka Bi Mwosha wakambembeleza kwa kahawa na kashata. Umeona nini? Alikula kashata zote. Kisha akajibu, "Nimeona mtu."

Sasa nije kwenye dispensari, ambayo siku hizi mnaiita zahanati. Ilikuwa chumba kimoja na baraza. Dresa wa kutibu watu alikuwa mmoja, kijana wa Kibondei kutoka upande wa Muheza, aliyesomea kazi misheni, na kaptula yake nyeupe ilipigwa pasi hata ikaweza kusimama yenyewe. Sitaki kumwonea. Kila asubuhi foleni ilifika barabarani naye yuko peke yake, na aliyemfundisha kazi bila shaka alimfundisha kwa kelele. Lakini alikuwa na mambo mawili mie sikuyavumilia. La kwanza, hakumwambia mtu kitu. Unaingia, unakamatwa mkono, unadungwa, unatoka. La pili ni sauti yake. Dirisha la chumba lile lilifungukia barazani, mbele ya benchi la waume, na dirisha halikufungwa kwa kuwa ndilo lililoleta mwanga. Wewe unamnong'oneza kinachokusumbua, yeye anakirudia kwa sauti ya muadhini: "Aa, unawashwa huko chini?" Baraza lote limejua, na jioni jikoni kwa watu wamejua.

Watu waliona ndivyo hospitali ilivyo. Dawa ya bure, utake na maneno? Wengine tulikuwa tukiingia mkono wa gauni umekwisha kunjwa, tayari kwa sindano, hata kama kinachouma ni jino. Bi Mwosha alikuwa akitucheka. Yeye alipopata homa alikwenda na chupa yake ya kutilia dawa kama kila mtu, na dresa akampa kwanza kikombe cha bati anywe pale pale.

"Hii nini, baba?"

"Dawa."

"Najua ni dawa, sikuiita uji. Dawa ya nini?"

"Ya homa, bibi. Kunywa."

"Inafanya nini ikifika tumboni?"

Waliokuwa nyuma yake wakaanza kuguna. "Bi Mwosha, kunywa watu waondoke, jua linapanda." Akageuka akawatazama mmoja mmoja, na kila mmoja alijua siku moja atakuwa mikononi mwake yeye au mkewe, wakanyamaza. Dresa akamweleza kwa hasira. Alipomaliza kueleza ndipo alipokunywa, na kikombe akakirudisha kikiwa kitupu.

Hapo ilikuwa ni ubishi wake wa kawaida tu. Vita vilianza baada ya kumwosha mke mmoja kijana wa kichochoro cha nyuma yetu, mume wake kuli wa bandarini. Mkewe huyo alikuwa na uvimbe mahali pa siri. Mama mkwe wake alimpeleka kwa dresa, akaambiwa avue, akatazama dirishani akaona nyuso za waume wa mtaa wake, akarudi nyumbani ameshika buibui kwa mikono miwili. Akasema amekwisha pona. Alisema amepona mpaka siku aliyokata roho.

Bi Mwosha hakusema aliona nini pale kitandani, hata kwangu, hata mwisho wake. Alipotoka kwenye chumba kile alikuwa hana tambuu mdomoni. Akakaa kwenye kinu kilicholazwa pale uani, akasema, "Huyu hakuuawa na ugonjwa. Kauawa na dirisha."

Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye benchi la dispensari. Nusu ya benchi ikamwachia nafasi. Dresa alipomwona akadhani wamepishana habari, akamwambia kwa adabu, "Bibi, leo hapana maiti hapa."

"Najua. Sikuja kuchukua. Nimekuja ili wapungue."

Akamwambia aweke pazia. Dresa akasema pazia halimo katika vitu alivyopewa na serikali, na akiziba dirisha haoni. Bi Mwosha akamwambia, "Maiti mie namsitiri, na kila ninalomfanyia namwambia. Wewe una watu wazima, wenye macho, wenye haya, unawaanika kama dagaa." Dresa akamwita mgonjwa wa pili. Siku ile alishindwa, na akaja kutuambia kwamba ameshindwa, jambo ambalo hatukulizoea.

Mtu wa kuanzia akawa mie.

Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, arobaini haijatoka. Titi la kushoto likavimba, likawa la moto na gumu kama embe bichi. Nikakandwa kwa majani ya mbarika, nikasomewa, nikapakwa kila kilichopakika. Homa ikapanda, maziwa yakakatika, mtoto analia mpaka sauti inamkauka. Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi reli, akasema twende kwa dresa. Nikasema sendi. Titi langu litolewe mbele ya benchi lile? Mbele ya fundi cherehani, mbele ya muuza kahawa? Nikasema afadhali nife, na Mungu shahidi wangu, nilikuwa nimekusudia.

Jioni hiyo hiyo nikasikia hodi. Mume wangu alipoona ni nani, uso ulimshuka.

"Nani hapa kasema afadhali afe?" akauliza Bi Mwosha.

"Mie," nikasema.

"Haya. Nimekuja." Akajifunga kanga kiunoni. Akamwambia mume wangu, "Baba, teka maji, yapashe moto kidogo. Na shuka kama mnalo, lisilo na tundu." Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda changu akaanza kwa sauti ile niliyoisikia siku ya shangazi: "Haya Mwali, sasa nakunyanyua kichwa."

Alikuwa akiniita Mwali tangu niko ndani, na hata nilipozaa hakubadili. Nikapiga ukelele. "Sijafa! Bi Mwosha, sijafa!"

"Hujafa?"

"Sijafa!"

"Basi kesho asubuhi twende kwa dresa. Mie siwezi kuitwa bure."

Asubuhi alipita kwa wenzake wa chama cha ngoma ya lelemama. Mwaka ule chama chao kilikuwa kimenunua sare, kanga nyekundu za aina moja, na walikuwa wakiringa nazo mpaka watu wa chama cha pili wakaacha kuwasalimu. Wakatoka wote wamejitanda nyekundu, mie katikati nimemkumbata mtoto, tukapita barabara ya katikati kama watu wanaokwenda kutoa mahari. Waume wa benchi walituona tunakuja wakasogea bila kuambiwa.

Tulipoingia, wanawake walivua kanga zao za juu, wakazishika ncha kwa ncha wakanizunguka. Dresa akainua kichwa.

"Nini hiki? Hapa si ngomani. Tokeni!"

"Tumbua jipu, mwanangu," akasema Bi Mwosha. "Hakuna aliyekuzuia."

"Mnaniziba mwanga!"

"Shusheni mpaka kifuani," akawaambia wenzake. Ndivyo walivyokuwa wakifanya walipomsaidia chumbani kwa maiti, shuka chini, mwanga unapita juu. Nyuso za barazani hazikuonekana tena, na jua likaniangukia begani.

Dresa hakupenda. Akasema, "Bibi, mficha uchi hazai."

"Huyu kashazaa, mtoto huyo analia. Na huo uchi kaambiwa asimfiche mkunga. Hakuambiwa auanike gulioni."

Mmoja katika waume akacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo. Dresa akaweka kisu chake sahanini, akatoka, akasema hatibu mtu mpaka vitambaa viondoke, na akatuma mtu kuita askari. Barazani watu wakaanza kulalamika kwamba tunawachelewesha, mzee mmoja mwenye donda mguuni akasema wanawake wa siku hizi wamekosa adabu. Mie jasho linanitoka, titi linagonga kama moyo. Nikamwambia Bi Mwosha kwa sauti ndogo, "Tuwaachie. Nitavua tu, yaishe."

"Ukivua leo," akasema, "kesho nitakuja kumwosha binti yako kwa dirisha hili hili." Alisema mbele ya mtoto wangu wa siku zile chache. Nilimchukia. Nikakaa.

Askari akaja, kijana mnene, kaptula ya kaki na rungu. Akasimama nje ya duara la kanga akasema amri ni amri, akina mama waondoe nguo zao kazi ya serikali iendelee. Bi Mwosha akamtazama sana.

"Wewe mama yako si nilimwosha mie? Masika yale, mvua ilipokuwa ikiingia chini ya mlango."

Askari akashusha rungu. Kijana wa kiume haingii mama yake anapooshwa. Hukaa nje akasubiri jeneza. Akauliza polepole, si kiaskari tena, "Alisitirika, bibi?"

"Alisitirika. Hata mie sikumwona. Sasa geuka."

Akageuka. Akasimama ametupa mgongo, rungu mkononi, akawaambia waume wote wa benchi, "Tazameni barabarani." Wakatazama barabarani, na yule mzee wa donda naye akatazama.

Dresa aliporudi alikuta pazia lake limeongezeka askari. Akaingia ndani ya kanga kwa hasira, akachukua kisu. Bi Mwosha akamshika mkono.

"Mwambie."

"Nimwambie nini tena?"

"Utakalomfanyia."

"Nitalitumbua!"

"Mwambie yeye. Jipu si langu."

Dresa akavuta pumzi. Kwanza alisema na ukuta, kisha sijui kilimgusa nini, akanitazama usoni. "Dada, humu mna usaha. Nitapasua hapa chini kidogo, utoke. Utaumia sana mara moja, halafu utasikia nafuu. Nisipopasua utakula kwa ndani na homa haitashuka. Titi hili usimnyonyeshe mpaka nikwambie, la pili mnyonyeshe. Umekubali?"

Katika maisha yangu yote nilikuwa nimeambiwa. Niliambiwa nimeposwa, niliambiwa nimeolewa, niliambiwa nisukume. Neno umekubali nililijua la kadhi tu, na hilo nalo alijibu mwingine kwa niaba yangu. Nikasema, "Hapana."

Kanga zote zikatikisika. Bi Mwosha akanikodolea macho. "Mwali, una wazimu? Watu wamesimama hapa tangu asubuhi!"

Lakini mie nilikuwa namtazama dresa. Nilitaka kujua mtu huyu akiambiwa hapana anafanya nini. Alisimama kidogo. Kisha akakiweka kisu sahanini, nikasikia mlio wake. Akangoja.

"Haya," nikasema. "Tumbua."

Niliumia kama alivyosema, na nafuu ikaja kama alivyosema. Bi Mwosha hakunisemesha siku nyingi, akisema nimemtia aibu mbele ya serikali. Baadaye nilimsikia akiwasimulia wageni kutoka Mkwaja waliokuja harusini mtaani kwetu kwamba lile neno hapana ni yeye aliyenifundisha.

Kanga moja nyekundu ilibaki pale dirishani, imetundikwa kwa misumari. Dresa aliomba pazia kwa wakubwa wake mara kwa mara, hakupata, na kanga ile ikapauka mpaka ikawa haina rangi. Naye hakugeuka malaika. Siku za foleni ndefu sauti yake ilirudi pale pale. Lakini waume wa benchi walikuwa wamejifunza. Akiingia mwanamke, na dresa akianza kupaza, wao walikohoa. Walikohoa wote kwa pamoja, hata mpita njia angedhani Ngamiani imeingiwa na kifaduro. Dresa alicheka, akashusha sauti.

Wanawake wakaanza kwenda. Wengine walikwenda mapema, uvimbe ungali mdogo. Bi Mwosha alikuwa akikaa mlangoni kwake anawaona wanapita na chupa zao, na akiniona mie ananiambia, "Kazi yangu nataka inipungukie, Mwali. Nizeeke kwa kukosa wateja."

Msidhani alikuwa mtu wa haki kwa kila mtu. Binti yangu alipofika miaka ya kukimbia, Bi Mwosha alimnasa uani kwangu, akamziba pua, akammiminia mafuta ya nyonyo mpaka mtoto akageuka rangi. Nikampigia kelele, "Bi Mwosha! Hukumuuliza!" Akajibu, "Aulizwe nini, ana minyoo." Alichuma malimau ya jirani bila hodi. Sindano aliiogopa kuliko kaburi. Yeye aliyelala chumba kimoja na maiti alikuwa akigeuza uso ukutani na kusoma kila sura anayoijua, na mtu akimcheka anatema. Kusamehewa alijua, kuomba msamaha hakujua.

Siku zile mikutano ya hadhara ilikuwa imeanza kupamba moto, vijana wanarudi na maneno mapya, haki yetu, nchi yetu. Wakapita kumwomba naye ahudhurie, maana chama cha lelemama kilikuwa na watu. Alikwenda, akakaa mbele, akasikiliza mpaka mwisho. Alipoulizwa ameonaje akasema, "Maneno mazuri. Huo uhuru wenu ukija, uje na pazia."

Uhuru haukumkuta.

Tumbo lilianza kumvimba taratibu. Alikwenda mwenyewe hospitali kubwa, hakumwambia mtu. Daktari alikuwa Mzungu, na palikuwa na mkalimani, na Bi Mwosha alimfanya mkalimani arudie kila neno mpaka akatokwa na jasho. Aliuliza, nikipasuliwa nitapona? Akajibiwa huenda. Akauliza, nisipopasuliwa? Akajibiwa hutapona. Akashukuru, akarudi Ngamiani, akalala kwenye kitanda chake cha kamba.

Mwanawe alikuwa mnyapara kwenye shamba la mkonge njia ya Muheza. Aliposikia alikuja na lori, nyuma ametandika godoro, na wanaume wa kubeba. Mie nilikuwepo, ndimi niliyekuwa nikimpikia uji, na uji wangu yeye aliunywa bila kuuliza nani kaushika. Mwanawe akaniambia, "Dada, nisaidie kumvisha. Tunakwenda hospitali."

Nikaingia. Nilitaka aende, jamani, tusidanganyane. Nilipiga magoti pale sakafuni nikalia nikamwambia aende.

"Ni woga, Bi Mwosha? Ni ile sindano?"

"Woga umo," akasema. "Na huo woga nao ni wangu."

"Wako waliopasuliwa wakapona."

"Wako. Wasiopona ndio wanaoletwa kwangu, kwa hiyo najua nasikia upande mmoja. Hata hivyo, sitaki. Nimeulizwa, nimejibu."

Nje nikasikia kengele ya baiskeli. Mwanawe alikuwa amemwita dresa aje amlainishe. Dresa sasa alikuwa na mvi za kwanza na tumbo la mtu aliyeoa. Aliingia, akamwamkia shikamoo, akakaa karibu na kichwa chake, akasema naye kwa sauti ya chini hata mie niliyekuwa mlangoni sikusikia. Wakazungumza kitambo. Alipotoka akamwambia mwanawe, "Nimemweleza vizuri. Nimemuuliza. Amekataa."

"Wewe!" mwanawe akasema. "Si ndiye uliyekuwa ukikamata watu kwa nguvu?"

"Ndiye mimi," dresa akasema, akasimama pembeni na baiskeli yake.

Mwanawe akawaita wabebaji. Sikumlaumu; alikuwa akilia huku anaita, na mtu anayempenda mama yake hawezi kukaa akamtazama anakwenda. Lakini nilikwisha jua mlio wa kisu kinapowekwa sahanini. Nikavua kanga yangu ya juu, ncha moja nikaikaza kwenye msumari wa mlango, ya pili nikaishika mkononi, nikaziba.

"Kaka," nikasema, "mama yako ana akili zake timamu. Ingia umuulize tena, muulize mpaka kesho, sikuzuii. Ukitaka kumbeba, anza kunibeba mie."

Wabebaji wakatazamana. Mwanawe akasimama mbele ya kanga yangu. Ndani nikasikia mtu anatema.

"Mwali," Bi Mwosha akasema, "kanga yako inaburura chini. Ishike vizuri."

Mwanawe akaketi palepale kizingitini akalia kwa sauti. Kisha akapita chini ya mkono wangu, akaingia akakaa na mama yake, na lori likarudi Muheza na godoro tupu. Alikaa naye mpaka mwisho, na siku zile ziliwatosha kusameheana mengi ambayo mie hayanihusu.

Nilipokuwa nampa uji wake jioni ile, akaniambia, "Utaniosha wewe."

"Mie sijui kuosha."

"Wenzangu watakuonyesha maji na majani ya mkunazi. Kusema unajua?"

"Najua."

"Basi."

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, na jeneza lilikuwa limekwisha fika mlangoni, watu wanataka kuwahi sala. Wanawake wa lelemama walishika shuka, wazee sasa. Nikachota maji kwa kata, nikayaonja kwa kiwiko. Nikainama sikioni kwake.

"Haya Bi Mwosha, sasa nakunyanyua kichwa. Maji ni vuguvugu."

Nikanyamaza. Nje sauti ya mwanamume ikaita, akina mama fanyeni haraka, watu wanangoja. Mmoja wa walioshika shuka akanigusa bega.

"Wangoje," nikasema. "Nimempa nafasi."